Kabla ya kufunga kazi yako: relire gani inakubali kubadilisha kurasa?

Wakati wa defansi unapokaribia, sekretaria zenye ziko karibu na vyuo vikuu hapa Butembo zinajaa mpaka usiku. Mwanafunzi anafika na flashi mkononi, amechoka, anangojea emprimanti imalize kurasa zake, na mtu wa sekretaria anamuuliza: "Tunafunga namna gani?" Wengi wanajibu haraka: "Ile yenye iko nzuri." Hapo njo hesabu inaanza kuharibika.

Tuchukue mfano. Memwari ya kurasa 80, upande mmoja wa karatasi, nakala 5: hizo ni kurasa 400. Siku ya defansi, jiri inakubali kazi lakini inaomba masahihisho. Jina la mwandishi mmoja limeandikwa vibaya ku bibliografia, jedwali moja lina hesabu zenye hazilingani, aya mbili za mwisho zinapaswa kuondoka. Tuseme jumla ni kurasa 9. Kama kazi ilifungwa kwa njia yenye inafunguka, mwanafunzi atalipa kurasa 45, na kazi kidogo ya kufungua na kufunga tena. Kama ilifungwa na kole na kifuniko kigumu, atalipa kurasa zote 400 upya, pamoja na relire mara tano. Kwa familia yenye iliuza maharagi juu ya kulipia defansi, tofauti hiyo si ya kuchezea.

Na si wanafunzi peke yao. Kituo cha afya kina maagizo ya matibabu yenye yanabadilika. Shule ina kanuni zake za ndani. Koperative ina orodha ya wanamemba, na kila mwaka kuna wenye wanaingia na wenye wanatoka. Wote hao wanapita ku sekretaria ileile, na wanaulizwa swali lilelile.

Kabla ya kuangalia bei, jiulize kwanza: karatasi hizi zitabadilika tena, ao zimekwisha kabisa? Kisha kuna swali la pili, lenye watu wanasahau: nani ana haki ya kuzibadilisha? Tutarudi ku hilo, sababu kuna karatasi zenye hazipaswi kufunguka hata siku moja.

Kole: nzuri kwa macho, ngumu kwa kurudi nyuma

Relire ya kole inafanyika hivi. Karatasi zinapangwa sawasawa, mgongo wao unapakwa kole ya moto, kisha kifuniko kinabandikwa na kukandamizwa. Kole inapoa ndani ya dakika chache tu. Kazi inasimama vizuri ku etajeri, jina linaweza kuandikwa ku mgongo, na mtu hawezi kuchomoa ukurasa bila kuacha alama. Kwa nakala ya mwisho, ile ya kuweka ndani ya maktaba ya chuo, hiyo ni chaguo nzuri sana. Kwa nakala ya kupelekea jiri, ni kujifunga mikono mwenyewe. Ukivuta ukurasa mmoja, ule wa jirani unaanza kulegea, na kisha siku chache unauokota chini ya meza.

Kuna aina moja ya kole yenye inasamehe kidogo: vifuniko vyenye kuuzwa na mstari wa kole ndani tayari, vyenye vinatiwa ndani ya mashine ndogo ya kupasha moto. Hivyo unaweza kuvirudisha ku mashine, kole ikalainika, ukatoa ukurasa na kuweka mwingine, kisha unaacha ipoe ikiwa imesimama. Inakubali mara moja ao mbili hivi, lakini usiifanye mazoea.

Njia yenye wanafunzi wenye uzoefu wanafuata ni kugawanya kazi mara mbili: nakala za jiri zinafungwa na spirali, na kole inangoja mpaka masahihisho yameisha. Uliza kwanza ku chuo chako. Kama kanuni yake inaomba kifuniko kigumu hata mbele ya defansi, hakuna cha kujadili. Lakini mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe ndiye anakimbilia kole juu ya uzuri, bila mtu kumuomba.

Spirali haiko moja

Hapa kwetu tunaita kila kitu "spirali", na hapo njo watu wanapotea. Kuna tatu tofauti, na hazifunguki sawasawa.

Ya kwanza ni ile ya plastiki yenye meno. Ukiangalia kwa upande wa nyuma, ni mgongo mmoja mpana. Ku upande wa ndani kuna meno yenye yamejikunja na kuingia ndani ya matundu ya mstatili. Kwa karatasi ya A4, meno ni 21. Hiyo ndiyo rafiki ya mtu mwenye atabadilisha kurasa. Mashine yenye ilitoboa karatasi iko na ndoano ndogo zenye zinavuta meno yote pamoja. Mtu anarudisha kazi juu ya mashine, anavuta mkono, meno yanafunguka, anatoa kurasa za zamani, anaingiza mpya, anaachilia. Plastiki ni ileile, hakuna cha kununua. Na mashine za namna hiyo mingi zinaendeshwa kwa mkono, basi hata siku yenye hakuna umeme, kazi ya kufunga inaendelea. Kama uko mbali na mashine, unaweza kufanya hata na vidole: anza ku mwisho mmoja, fungua jino moja, toa karatasi, nenda ku jino lenye linafuata. Ni kazi ya uvumilivu, lakini inawezekana, na mimi naona hilo pekee linatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Ukubwa wake unahesabiwa kwa milimita. Ya milimita 10 inabeba karatasi 55 hivi, ya 12 karibu 80, na kubwa kabisa, ya 51, inabeba karibu 450. Kama unajua kwamba kurasa zitaongezeka, omba saizi moja juu ya ile yenye inakutosha leo. Ukibana sana, karatasi hazigeuki vizuri na zinapasuka ku matundu. Ubaya wake: meno yanavunjika na umri ao na jua, na ndani ya mfuko juu ya motari mgongo unapondeka. Weka karton ngumu pande mbili kabla ya kusafiri.

Ya pili ni spirali ya waya, ile yenye pete mbili mbili zenye kukandamizwa na mashine. Iko nzuri kuliko ya meno, inakunjwa nyuma kabisa kama daftari, na haivunjiki. Lakini ukiifungua kwa nguvu, waya hairudi sawa. Panabaki mwanya kidogo na kurasa zinatoroka kupitia hapo. Ukweli ni kwamba kubadilisha ukurasa maana yake ni kukata waya na kuweka mpya. Haiko hasara kubwa, sababu matundu yanabaki na karatasi zingine zinatumika tena. Paka ujihadhari na jambo moja: mashine za waya hazitoboi zote sawa. Ku A4 kuna yenye matundu 34 na kuna yenye 23. Kama ulifungia ku sekretaria moja na unaenda kutoboa kurasa mpya ku nyingine, hesabu matundu kwanza. Watu wanafika na kurasa tisa zenye kutobolewa vibaya, wanalazimika kuzitoa tena ku emprimanti.

Ya tatu ni ile ya plastiki yenye kuzunguka kama ressori, kutoka juu mpaka chini. Miisho yake miwili inakunjwa ili isitoke. Ukitaka kubadilisha, unakata kile kipande chenye kukunjwa, unaizungusha mpaka itoke yote, unapanga kurasa, unaizungusha kuingia tena. Inavumilia kupondwa kuliko zile zingine, lakini kila mara ukikata mwisho wake, inakuwa fupi kidogo.

Basi ukifika ku meza, usiseme "spirali" peke yake. Sema: "Mama, naomba ile ya plastiki ya meno, sababu bado nitabadilisha kurasa." Maneno hayo yanatosha, na mtu wa sekretaria atajua hata saizi ya kukupa.

Bila mashine

Kwa kazi ya karatasi chache, kuna ile baguette ya plastiki yenye inateleza ku ukingo wa karatasi na kuzibana. Haihitaji matundu. Kubadilisha ukurasa ni sekunde kumi. Inafaa kwa ripoti ya staji, kwa devi, kwa barua yenye viambatisho. Lakini ikizidi karatasi 30 hivi inaanza kuteleza, na mtu akifungua kazi sana juu ya kusoma upande wa ndani, inatoka.

Kwa karatasi zenye zinaingia na kutoka kila mwezi, hakuna kinachoshinda farde ya vidole vya chuma ao klaseri yenye mkono. Zote mbili zinatumia matundu mawili, na umbali kati yao umewekwa na kanuni ya dunia nzima: milimita 80. Juu ya hiyo, ukurasa wenye ulitobolewa Beni unaingia ndani ya klaseri yenye ilinunuliwa Kampala. Kupata katikati ya karatasi, ikunje kidogo mara mbili ku ukingo, weka alama, kisha alama hiyo ilingane na mshale wa perforateri. Klaseri yenye mgongo wa sentimita 8 inameza karibu rame moja nzima, yaani karatasi 500. Si kitu kipya: Mjerumani Friedrich Soennecken wa Bonn alipata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1886, pamoja na mashine ya kutobolea, na miaka kumi kisha hapo Louis Leitz wa Stuttgart akaleta ile yenye mkono wa kufungulia, yenye biro zote zinatumia mpaka leo.

Na kama hakuna pesa ya klaseri? Vipande viwili vya karton, matundu mawili, na kamba ya kiatu. Unapitisha kamba, unafunga fundo mbele. Inafunguka, inafungwa, inabeba karatasi nyingi ao kidogo. Vituo vya afya vya vijijini vinaweza kufanya hivyo bila aibu yoyote. Usitumie agrafu kwa kazi yenye itabadilika: kila ukizing'oa zinaacha matundu, na ndani ya nyumba yenye unyevu zinashika kutu na kuchafua karatasi.

Panga kurasa kwa kufikiria kesho

Relire yenye kufunguka haisaidii kitu kama kurasa zenyewe zimepangwa vibaya. Ukiongeza ukurasa mmoja ku sura ya kwanza, namba zote zenye zinafuata zinasogea, na unajikuta unatoa upya kazi nzima hata kama spirali ilikuwa tayari kukusaidia.

Marubani wa ndege walikutana na shida hiyo zamani. Miaka ya 1930, rubani mmoja wa Marekani, Elrey Jeppesen, alikuwa anaandika ndani ya daftari ndogo ya pete habari za viwanja vya ndege: urefu wake, milima na vizuizi vyenye viko karibu. Wenzake wakaiomba, akaanza kuwauzia nakala. Kiwanja kikibadilika, mtu habadilishi kitabu. Anapokea ukurasa mpya, anatoa ule wa zamani, anaweka mpya fasi yake. Kwa miaka mingi marubani duniani waliishi na bahasha za kurasa mpya, na ukurasa wa zamani wenye ulibaki ndani kwa uvivu ungeweza kuua watu.

Kutoka kwao tunaweza kuchukua mambo matatu. Namba zipangwe kwa sura: 3-1, 3-2, 3-3. Ukiongeza ukurasa ku sura ya tatu, sura ya nne haisogei. Kila sura ianze ku karatasi mpya. Chini ya kila ukurasa weka tarehe yake, kwa herufi ndogo. Na mbele kabisa ya kazi, weka karatasi moja yenye orodha ya kurasa zote na tarehe zake. Mtu akitaka kujua kama nakala yake ni ya sasa, analinganisha tu. Kwa muuguzi mwenye anasoma kipimo cha dawa ya mtoto, orodha hiyo haiko urembo. Ukurasa wa zamani ukitolewa, upigwe mstari mkubwa wa msalaba ao uwekwe ndani ya farde ingine yenye jina "za zamani". Usiuache juu ya meza, utarudi ndani wenyewe.

Kwa memwari namba za sura hazikubaliwi mara nyingi, lakini kuna mengine ya kufanya. Toa upande mmoja tu wa karatasi: ukitoa pande mbili, kila kosa moja linakufanya utoe upya kurasa mbili. Acha sentimita 3 ku upande wa kushoto, sababu matundu yanakula nafasi. Na peleka kazi ndani ya PDF, sababu ordinatere ya sekretaria ikikosa aina ya herufi zako, mistari inaruka na ukurasa wa 41 unaanza na maneno mengine, hayaungani tena na ule wa 40 wenye tayari uko ndani ya spirali.

Karatasi zenye hazipaswi kufunguka

Sasa turudi ku swali la nani. Wengi ndani ya mji huu wako ndani ya AVEC, ile mikutano ya kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Watu wanalinda pesa namna hiyo, kisha wanaandika hesabu ndani ya klaseri! Ukurasa wa mwezi wa tatu unaweza kuondoka usiku mmoja na mwingine kuingia, na hakuna mtu atakayeona. Kufuli tatu hazina kazi hapo.

Kwa kitabu cha pesa, kwa ripoti za mikutano, kwa orodha ya wenye wamelipa, nunua rejista yenye kushonwa na uzi. Ndani yake, karatasi moja iliyokunjwa inafanya kurasa mbili za pande tofauti. Ukichana moja mbele, mwenzake wa nyuma analegea, na uzi unaonyesha. Kabla ya kuandika neno la kwanza, tia namba ku kila ukurasa kwa kalamu, toka wa kwanza mpaka wa mwisho, na watu wawili ao watatu watie sahihi fupi ku kila ukurasa. Ku ukurasa wa kwanza andikeni jumla ya kurasa na tarehe. Serikali inafanya vile ku rejista za watoto wenye kuzaliwa. Na sheria ya hesabu ya OHADA, umoja wenye inchi yetu iliingia mwaka 2012, inaomba makampuni yafanye vile na kitabu cha kila siku na kitabu cha mali: namba zenye kufuatana na sahihi za mahakama.

Ukikosea ndani ya rejista hiyo, usichane, usipake bianko. Piga mstari mmoja wenye unaacha neno la zamani lisomeke, andika juu lile la kweli, tia sahihi na tarehe.

Katikati ya hayo mawili kuna sheria za shirika na kanuni za ndani. Hizo zinabadilika, lakini paka mkutano mkuu ukikubali. Hapo fanyeni nakala mbili za namna tofauti: ya asili, yenye sahihi za wote, ifungwe kwa kole ao kwa uzi na ikae ndani ya sanduku, na ya kazi, ya kusoma ku mikutano, ikae ndani ya farde. Mkutano ukibadilisha kifungu, ya asili haiguswi. Inaongezewa karatasi ya mabadiliko yenye sahihi zake.

Kama tayari ulifunga na kole

Kuna wenye watasoma haya kazi ikiwa imekwisha kufungwa. Bado kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kukata mgongo wote na mashine ya kukatia, milimita 4 ao 5, kisha kutoboa na kuweka spirali ya meno. Utapoteza kifuniko, lakini kurasa zinabaki. Kama uliacha ile sentimita 3 ya kushoto, maneno hayataguswa. Kama uliacha moja na nusu, pima mara mbili kabla ya kukubali.

Ya pili ni kwa kurasa moja ao mbili tu, na mafundi wa vitabu wanaifanya tangu zamani. Usivute ukurasa. Weka rula ndani, kata na wembe ukiacha ukanda wa sentimita moja wenye umeshikwa na kole. Chukua ukurasa mpya, upunguze upana kidogo ku upande wa kushoto, paka kole nyembamba ku ule ukanda, bandika, weka karatasi ya plastiki kati ili kole isishike jirani, funga kazi, weka kitu kizito juu yake mpaka kesho yake. Ukifanya polepole, msomaji haoni kitu.

Ya tatu haina gharama: karatasi moja ya masahihisho, yenye namba ya ukurasa, mstari, neno lenye limeandikwa na neno lenye lilipaswa kuandikwa. Inabandikwa kwa mstari mwembamba wa kole mbele ya ukurasa wa kwanza. Kwa makosa ya herufi na majina, muulize direktere wako kama jiri itaipokea kabla ya kwenda kutoa kurasa 400 mara ya pili.